VITU VYA BABU, SEHEMU YA 6: Mtutu wa gobore, ukerezwe upya au ununuliwe mwingine?

Zamu ya mchana imeisha, chai iko mezani, tuendelee na mfululizo wetu wa vitu vya babu. Leo ni zamu ya gobore. Najua mnaongoja sehemu ya jembe la Warongo mtaninunia, lakini vumilieni, hao Warongo leo watapita humuhumu.

Swali limenijia inboksi, nami nalileta hapa kwa ruhusa bila jina. Mtu anauliza: "Nesi, marehemu babu ameacha gobore. Mtutu umeliwa na kutu kwa ndani. Fundi mmoja ananiambia anaweza kuukereza kwenye mashine ukawa laini kama mpya. Mwingine anasema huo tupa, tuweke bomba jipya. Kipi bora?"

Jibu fupi: kimoja hakifai, cha pili hakifai kabisa. Jibu refu ni historia, maana swali hilo lina miaka zaidi ya mia na hamsini, na mara nyingi waliolijibu kwa niaba yetu walikuwa mbali sana na Chato. Twende taratibu.

1. TUANZE NA MANENO

Gobore ni bunduki inayoshindiliwa kupitia mdomoni. Unamimina baruti, unaweka kitambaa au nyuzi, unashindilia kwa mdeki, unaweka risasi au marisaa, unashindilia tena. Mtutu wake, ambao wazee wa pwani waliuita kasiba, ni bomba la chuma lililozibwa upande mmoja, lenye kitundu kidogo cha kupitishia moto.

Moto huo unatoka wapi? Bunduki za zamani zaidi zilitumia utambi, zikaitwa bunduki za mrao. Zikaja za jiwe la kugonga cheche, yaani gumegume. Ndiyo, lilelile neno ambalo leo akina dada mnamwitia mwanaume asiye na faida. Bunduki ya gumegume ilikuwa mara iwake, mara igome, hasa mvua ikinyesha. Halafu zikaja za fataki, kikofia kidogo kinachogongwa kikawaka. Na fataki tuliokuja kuambiwa redioni tuwakimbie, wale wazee wanaowinda watoto wa shule, jina lao limetoka hukohuko kwenye mambo ya kulipuka. Kiswahili hakitupi kitu.

2. ZILIFIKAJE HUKU KWETU

Zilikuja na misafara ya pembe za ndovu. Kutoka pwani vitu vilivyopanda bara vilikuwa merikani, shanga, nyaya za shaba, baruti na bunduki. Kutoka bara zilishuka pembe, na watu pia, tusifiche. Njia kuu ilipita Tabora, na tawi moja likaja kaskazini kupitia Uzinza na Usui, yaani hapahapa kwetu na Biharamulo, kuelekea Karagwe na Buganda. Speke alipita njia hiyo mwaka 1861 akitozwa hongo na kila mtemi, mpaka kwa Suwarora wa Usui. Bunduki zilikuwa kati ya zawadi alizofika nazo kwa wafalme wa mbele.

Ndani ya miaka thelathini gobore likawa kitu cha kawaida. Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, alijenga dola kwa vijana wake wa ruga-ruga, mikuki na magobore. Isike wa Unyanyembe alikuwa na ngome yenye ghala la baruti, na Wajerumani walipoivamia Januari 1893 aliwasha ghala hilo yeye akiwa ndani kuliko kukamatwa. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zinaingia Afrika Mashariki kila mwaka. Kila mwaka, ndugu zangu.

Jiulize: hizo bunduki zote zilitoka wapi, na kwa nini ziwe nyingi ghafla?

Sababu ni kwamba Ulaya walikuwa wanabadilisha. Majeshi yao yaliachana na bunduki za kushindilia mdomoni, yakachukua zinazopakiwa kwa nyuma. Waprussia walianza mapema, Waingereza wakafuata miaka ya 1860, na mwaka 1871 Wajerumani wakawa na Mauser. Maghala yakabaki yamejaa silaha za zamani. Wafanyabiashara wa Liège kule Ubelgiji, na Birmingham kule Uingereza, wakazinunua kwa bei ya chakavu, wakazitengeneza na kuziuza tena. Birmingham pia walifua bunduki mpya za bei chee kwa ajili ya Afrika tu, biashara waliyoizoea tangu enzi za kununua watumwa Afrika Magharibi.

Kwa hiyo gobore la babu lilipofika mikononi mwa ukoo wenu, kuna uwezekano mkubwa mtutu wake ulikuwa tayari umeshaishi maisha mengine.

3. KUKEREZA MTUTU NI NINI HASA

Hapa watu wa pikipiki mtanielewa haraka. Silinda ikilika, fundi anachonga bloku, tundu linapanuka kidogo, anakuwekea pistoni kubwa zaidi. Mtutu ni hivyohivyo. Unapitisha kisu cha mashine ndani, unaondoa kutu na mashimo, tundu linabaki laini lakini kubwa zaidi, na ukuta wa chuma unabaki mwembamba zaidi. Hicho cha mwisho kikae kichwani, tutakirudia.

Kazi hii si ya kubuni. Marekani, enzi za bunduki za kushindilia, walowezi walikuwa na bunduki zenye mifereji ndani ya mtutu, ile inayozungusha risasi ili iende moja kwa moja. Chuma chao kilikuwa laini, mifereji ikalika. Mtu akairudisha kwa fundi, fundi akakata mifereji upya, tundu likapanuka, na mwenye bunduki akapewa kalibu mpya ya kusubia risasi kubwa zaidi. Bunduki moja ilikwenda na mtu hivyo maisha yake yote, tundu likinenepa pamoja na mwenyewe.

Serikali nazo zilifanya hesabu hiyohiyo ya "tutengeneze au tununue". Mwaka 1866 Uingereza ilikuwa na bunduki nyingi za Enfield za kushindilia. Haikuzitupa. Ilikata sehemu ya nyuma, ikaweka mtambo wa Snider, mtutu uleule ukaendelea na kazi. Ufaransa ilifanya kitu cha namna hiyo mwaka 1867. Halafu bunduki hizo za Kifaransa nazo zilipochakaa zikaenda Liège, zikakerezwa ndani mpaka mifereji yote ikaisha, zikawa za marisaa, zikauzwa kwa wakulima wa Marekani kwa bei ndogo kwa jina la "Zulu". Hazikuwa na uhusiano wowote na Wazulu! Ila angalia safari ya ule mtutu: umezaliwa wa kushindilia, ukawa wa kupakia nyuma, ukaishia kuwa wa kufukuzia ndege shambani.

Kwa nini kwao kukereza kuliwezekana? Sababu tatu.

Ya kwanza, mtutu wa jeshi ulikuwa mnene tangu mwanzo. Ulikuwa na chuma cha kupunguza.

Ya pili, walikuwa na mashine na mafundi waliorithishana kazi hiyo.

Ya tatu, na mimi kama mtu wa afya hii naipenda kuliko zote, walikuwa na nyumba ya majaribio. Birmingham waliipata kwa sheria ya Bunge mwaka 1813, na Liège walikuwa nayo kabla ya hapo. Mtutu unafungwa mahali salama, unapakiwa baruti nyingi kuliko kawaida, unalipuliwa bila mtu kuushika. Ukipona unagongwa muhuri. Ukipasuka, umepasukia mikononi mwa hakuna mtu. Na ukishaukereza ukapungua unene, muhuri wa zamani hauhesabiki tena, unarudishwa kujaribiwa upya.

Kwetu sisi ni kama kupima kundi la damu kabla ya kumuongezea mgonjwa. Huwezi kusema "alishapimwa mwaka juzi" au "anaonekana ni O". Unapima.

4. 1890: WENGINE WANATUCHAGULIA TUNDU

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa makubwa yalikutana Brussels yakasaini mkataba wa kupambana na biashara ya watumwa. Ndani yake waliweka vifungu vya silaha. Walichora eneo la Afrika kuanzia nyuzi 20 kaskazini mpaka nyuzi 22 kusini, wakazuia kuingizwa humo bunduki zenye mifereji na za kisasa. Chato iko kama nyuzi mbili na nusu kusini, katikati kabisa ya eneo hilo.

Lakini waliacha mlango mdogo. Bunduki za gumegume zenye mtutu usio na mifereji, na baruti ya kawaida ya biashara, zingeweza kuruhusiwa kuuzwa.

Soma tena polepole. Tofauti kati ya bunduki ambayo Mwafrika angeweza kununua na ambayo asingeweza ilikuwa ndani ya tundu la mtutu. Lenye mifereji, la askari wa mkoloni. Lililo laini, la mwananchi. Ni kweli silaha zile zilikuwa zinalisha biashara ya watumwa, na kuzipunguza kulikuwa na maana. Lakini ni kweli pia kwamba miaka ileile Wajerumani walikuwa wanapanda bara na Mauser, na mkataba ukahakikisha anayewangoja ana gumegume. Vyote viwili ni kweli kwa wakati mmoja, na historia nzuri haikulazimishi uchague kimoja.

Matokeo yake teknolojia iliyokuwa imeshazeeka Ulaya iligandishwa hapa kwetu. Ndiyo maana babu wa karne ya ishirini alikuwa na silaha ya karne ya kumi na nane.

5. WAHUNZI WETU WALIKUWA WAPI?

Hapa huwa nasikia watu wanadharau. "Sisi tulikuwa hatujui chuma." Nani kakudanganya?

Nchi hii ya Uzinza na Geita ni nchi ya Warongo. Walichimba mawe ya chuma, wakachoma mkaa wao, wakapuliza mivukuto, wakatoa chuma na kufua majembe yaliyolimia Usukuma mpaka mbali. Watu wa namna hiyo hawashindwi na spring ya gobore. Kwenye ukanda wote wa Maziwa wahunzi walikuwa wakitengeneza risasi za chuma, wakibadilisha kitako, wakinyoosha nyundo ya mtambo.

Buganda walifika mbali. Mmisionari Alexander Mackay, mhandisi kwa elimu, aliyefika kule mwaka 1878, alikuwa na karakana na mashine ya kukerezea, na kazi za bunduki za Kabaka zilikuwa zinamfuata kila siku. Baadaye alifukuzwa, akahamia Usambiro, kusini mwa Ziwa upande wetu huu, akafia hapo kwa homa Februari 1890. Aliacha mafundi. Lugard, ofisa Mwingereza aliyepita Buganda mwanzoni mwa miaka ya 1890, alimsifu kwa jina fundi Kisule kwamba anatengeneza spring mpya na kukarabati bunduki iliyoharibika kwa ustadi, na kwamba vitako vinavyochongwa na Waganda utadhani vimetoka London.

Vitako. Spring. Mtutu hamna hapo.

Mtutu ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Lazima ukunje bapa la chuma, uliunganishe kwa moto kwa urefu wa zaidi ya mkono mzima, pasibaki hata ufa wa unywele, kisha utoboe tundu lililonyooka mwanzo hadi mwisho. Chuma cha tanuru la udongo ni kizuri kwa jembe kwa sababu jembe likiwa na kasoro ndogo ndani, litalika tu. Mtutu ukiwa na kasoro hiyohiyo unakutoa mkono.

Si kwamba Mwafrika asingeweza. Samori Touré kule Afrika Magharibi alikusanya mamia ya wahunzi, na miaka ya 1890 walikuwa wananakili kwa mkono bunduki za kisasa za risasi nyingi. Ila ile ilikuwa dola nzima imeelekeza nguvu huko, na bado Wafaransa walimkamata mwaka 1898. Mhunzi mmoja kijijini, mwenye fuawe moja na mivukuto miwili, hakuwa na namna. Na majembe ya kiwandani yalipoingia kwa wingi, tanuru nazo zikazimika. Fundi akabaki wa kukarabati tu.

Basi likazuka jibu la tatu kwa swali letu. Si kukereza, si kununua. Kutafuta bomba.

6. BOMBA LA MAJI

Magobore mengi yanayokamatwa siku hizi si ya misafara ya pembe. Ni ya kienyeji: kitako cha mti, mtambo wa kuchonga, na mtutu wa bomba la maji au chuma cha gari. Nayasikia maelezo: "Nyani na nguruwe wanamaliza mahindi", "Tunaishi karibu na hifadhi, viboko wanapanda usiku." Njaa ya mtu anayelinda shamba ni ya kweli, siwezi kuicheka nikiwa na mshahara.

Lakini sikiliza. Bomba la maji limetengenezwa libebe presha ya maji. Baruti ikiwaka, presha ndani inapanda mara makumi ya hiyo, ndani ya kufumba na kufumbua, na inapiga zaidi upande wa nyuma, pale karibu na uso wako. Bomba nyingi zina mshono kwa urefu wake. Mshono ndiyo mlango.

Na mtutu wa babu wa kukerezwa? Sasa rudi kwenye kile nilichokuambia kikae kichwani. Masizi ya baruti yananyonya unyevu, na sisi tuko kando ya Ziwa. Kutu inakula zaidi palepale nyuma ambapo presha ni kubwa. Fundi akitaka kuyamaliza mashimo hayo lazima akate mpaka chini ya shimo refu kuliko yote. Bunduki ya biashara ilikuja na ukuta mwembamba tangu kiwandani, kwa sababu chuma ni gharama. Ukishakereza, tundu linang'aa kama kioo, na ukuta umebaki kama ganda. Halafu kwa kuwa tundu ni kubwa, utaweka risasi kubwa zaidi na baruti zaidi.

Na umepata nini? Mmarekani alirudishiwa mifereji, akarudishiwa shabaha. Gobore lako halikuwa na mifereji. Umelipa hela upate mng'aro.

Fundi wa Katoro anayekereza shafti za karasha ni fundi kweli, namheshimu. Lakini hana nyumba ya majaribio. Nyumba ya majaribio itakuwa wewe.

Na neno moja kwa ndugu zangu wa machimboni: baruti ya kupasulia mwamba si baruti ya gobore. Ile kazi yake ni kuvunja jiwe. Mtutu kwake ni jiwe laini.

7. KINACHOFIKA KWETU

Silaha ikipasuka kinachoumia mara nyingi ni mkono ulioshikilia mtutu, kwa wengi wa kushoto: kidole gumba, shahada, kiganja. Pili ni macho, kwa moto unaorudi na vipande. Tatu ni uso, punje za baruti zinaingia kwenye ngozi zinabaki kama chale nyeusi. Mkulima asiye na gumba hashiki jembe vizuri, na mchimbaji hashiki nyundo. Na mwathirika si lazima awe mpigaji. Ni mtoto aliyesimama pembeni kumwangalia baba.

Ikitokea:

Kandamiza jeraha kwa kitambaa kisafi, inua mkono juu. Usimwage mafuta ya taa, usipake dawa ya meno, usiweke udongo wala majani.

Kitu kikiingia jichoni usikichomoe. Funika bila kukandamiza, njoo.

Njoo mapema. Wengi wanachelewa siku mbili tatu wakiogopa kuulizwa silaha imetoka wapi. Ndugu yangu, aliye hatarini anahudumiwa kwanza, PF3 inafuata. Pepopunda haisubiri PF3. Kidole kilichooza hakisubiri uamue cha kusema.

8. SASA JIBU

Kwa ndugu aliyeuliza: kibali cha babu kilikuwa cha babu. Si shamba, hakirithiwi kimyakimya. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 huwezi kumiliki, kutengeneza wala kukarabati silaha bila kibali, na hao mafundi wako wawili nao wanajitafutia kesi. Nenda kituo cha polisi na mwenyekiti wa kijiji, eleza: mzee amefariki, ameacha hiki. Serikali imekuwa ikitangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari, lakini wewe usisubiri tangazo. Wanyama wakivamia shamba, ripoti kijijini na kwa watu wa wanyamapori, na shikilia mpaka waje. Najua ni taratibu. Mkono mpya nao hauoti haraka.

Kuhusu thamani ya kumbukumbu, nakuelewa sana. Ila kabla hujalipeleka, kaa na bibi, muulize babu alilipata wapi, kwa ng'ombe wangapi, alilinda nini nalo. Andika kwenye daftari. Ukiona alama zimegongwa karibu na nyuma ya mtutu, zinakili pia, zinaweza kukuambia lilizaliwa Liège au Birmingham. Hiyo ndiyo sehemu ya gobore isiyoliwa na kutu.

Sehemu ya 7 ni jembe la Warongo, safari hii kweli. Mwenye bibi anayekumbuka majina ya matanuru ya zamani upande wa Geita na Buzirayombo, aniandikie. Usiku mwema, na mikono yenu yote miwili iamke salama.